Mkubwa Ajaze Rafu, Mtoto Ajichagulie Kitabu

Kengele ya jioni iliapo, watoto wa shule katika mitaa ya mashariki ya Nairobi humiminika njiani kwa makundi, mikoba mgongoni. Wengi huelekea nyumbani moja kwa moja, wengine husimama kutazama mpira, na wachache, pale penye bahati, huingia katika chumba cha vitabu. Humo chumbani hutokea jambo dogo ambalo watu wazima hawalitii maanani. Mtoto hunyosha mkono kwenye rafu na kuvuta kitabu chenye picha ya mvulana anayeruka ukuta wa shule. Kabla hajakifungua, sauti humjia kutoka nyuma: "Weka hicho. Chukua hiki." Mtoto hutii. Hukipeleka nyumbani kitabu alichopewa, hukilaza juu ya kabati, na wiki ikiisha hukirudisha bila kukifungua. Daftari la maktaba huonyesha kwamba kitabu kimeazimwa na kimerudishwa salama, lakini hakuna kilichosomwa.

Swali la nani apaswaye kukichagua kitabu cha mtoto huonekana kuwa la walimu peke yao. Sivyo. Linamhusu mkulima anayelipa karo, karani anayetaka mwanawe ampite cheo, na mama anayeona mtoto wake akisoma kwa shida tu wakati mtihani ukaribiapo. Tena ni swali ambalo wazee wa mtaa kama Makongeni walilijua vema, kwani wao wenyewe walichaguliwa vitabu kwa miaka mingi.

MTAA WA WATU WA RELI

Makongeni ni jina lijulikanalo na kila aliyewahi kufanya kazi ya reli Nairobi. Mtaa huo, ulio kati ya barabara ya Jogoo na njia ya garimoshi, ukipakana na Kaloleni, ulijengwa kwa ajili ya Waafrika walioajiriwa na reli pamoja na jamaa zao. Katika kazi hiyo, kusoma kulikuwa ngazi. Mtu asiyeweza kusoma ratiba ya magari, hati ya mizigo au maagizo ya mkubwa wake hakutumaini kupanda kutoka kazi ya koleo hadi kazi ya kalamu. Kwa hiyo wazazi wengi wa mitaa hiyo walikua wakijua kwamba kitabu ni chombo cha kazi, na kwamba mtoto asomaye hadithi za kuchekesha anachezea chombo. Fikira hiyo haikutokana na ujinga, bali na maisha yao wenyewe. Hata leo ingali hai katika nyumba nyingi, za mjini na za shambani.

Yafaa basi kuitazama kwa heshima, na kuuliza kama inamfikisha mtoto pale mzazi atakapo afike.

NANI ALICHAGUA ZAMANI?

Tarehe 1 Januari 1930 iliundwa kamati ya lugha ya Kiswahili kwa nchi nne: Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kazi yake ilikuwa kusanifisha lugha, na kitabu cha Kiswahili kilichokusudiwa kutumika shuleni kilihitaji kibali chake. Kamati hiyo ilifanya kazi kubwa, na msomaji wa leo angali anakula matunda yake. Lakini mtoto wa Kiafrika hakuulizwa alichokipenda, wala mzazi wake hakuulizwa.

Mwaka uliofuata, 1931, ilifunguliwa katikati ya mji wa Nairobi maktaba ya McMillan, jengo zuri lenye nguzo kubwa na sanamu za simba mlangoni, iliyojengwa kwa kumkumbuka Sir William Northrup McMillan. Maktaba hiyo iliwekwa kwa ajili ya Wazungu peke yao, na haikufungua milango kwa watu wa rangi zote mpaka miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Mfanyakazi wa reli wa Makongeni aliweza kupita mbele yake kila siku, akayaona madirisha yake, asiweze kuingia. Aliyeajiriwa humo kufagia aliweza kuvigusa vitabu kwa kitambaa cha vumbi tu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali iliona kwamba Waafrika waliojua kusoma walikuwa wameongezeka sana na hawakuwa na vitabu vya kuwatosha. Mwandishi Elspeth Huxley alitumwa kuchunguza jambo hilo, na kwa ushauri wake likaanzishwa mwaka 1948 Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, mkuu wake wa kwanza akiwa Charles Richards. Shirika hilo lilichapisha vitabu katika Kiswahili na lugha nyingine nyingi, likatoa gazeti la Tazama, na likapeleka vitabu kwa wasomaji katika masanduku na kwa posta. Wakulima waliokaa mbali na mji walishukuru sana kupata sanduku la vitabu. Hata hivyo, aliyelijaza sanduku alikuwa pia ndiye aliyeamua ni mambo gani yamfaayo Mwafrika kuyajua. Na ilipotangazwa hali ya hatari mnamo Oktoba 1952, magazeti mengi ya lugha za wenyeji yalipigwa marufuku. Watu wazima, wenye wake na watoto, wakaambiwa wasome hiki wasisome kile, kana kwamba wangali madarasani.

Mtu akimwuliza mzee aliyeishi siku hizo alijisikiaje, atajibiwa kwamba kitabu ulichopewa kwa amri hukisomi kwa moyo. Utakisoma ili umridhishe aliyekupa, au ili upite mtihani, kisha utakiacha. Ikiwa ndivyo alivyojisikia mtu mzima, basi mjukuu wake aambiwapo "weka hicho, chukua hiki" hujisikia vivyo hivyo.

MVULANA NA RUBANI WA HADITHI

Mfano mmoja unaonyesha jinsi ilivyo vigumu kutabiri kitabu kitamfanyia mtoto nini. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi mashuhuri wa Kenya aliyefariki mwaka 2025, alisoma katika shule ya Alliance kuanzia mwaka 1955 hadi 1958. Katika kitabu cha kumbukumbu zake za shuleni, kilichotoka mwaka 2012, alieleza jinsi maktaba ya Alliance ilivyomshangaza, kwani hajawahi kuona vitabu vingi namna ile mahali pamoja. Miongoni mwa alivyovipenda vilikuwa hadithi za Biggles, rubani shujaa wa ndege za kivita za Uingereza.

Msomaji na aufikirie mwaka huo wa 1955. Kaka yake Ngũgĩ alikuwa msituni pamoja na wapiganaji wa Mau Mau, na ndege za jeshi hilohilo la Uingereza ndizo zilizokuwa zikiangusha mabomu juu ya misitu hiyo. Mtu mzima mwenye busara, wa upande wowote, angeweza kumnyang'anya mvulana kitabu kile. Jamaa zake wangesema kinamsifu adui. Lakini mvulana alikisoma, akakifurahia, na baadaye akili yake mwenyewe ikamwonyesha mgongano uliokuwapo baina ya hadithi na msitu. Hakugeuka kuwa mtumwa wa kitabu. Aligeuka kuwa mwandishi ambaye maisha yake yote aliuhoji utawala wa kigeni. Alichokipata katika maktaba ile kilikuwa mazoea ya kusoma kwa hamu, na bila mazoea hayo hakuna mwandishi, wala mwanasheria, wala mganga.

HOFU TATU ZA WAZAZI

Wazazi na walimu wanaosita kuwaachia watoto uhuru huu huwa na hofu tatu, na kila moja yastahili kujibiwa.

Hofu ya kwanza ni ya mtihani. Mzazi husema: "Mwalimu, mwanangu hana muda wa hadithi. Mpe vitabu vya hesabu na maswali ya mtihani." Wengine huongeza methali, wakasema mchagua jembe si mkulima. Methali ni ya kweli kwa mtu mzima mvivu. Lakini mkulima ampelekaye mtoto shambani kwa mara ya kwanza hampi jembe lake mwenyewe lenye mpini mrefu. Humkatia mpini umfae kimo, ili apende kulima na asiumie mgongo. Kitabu ni hivyohivyo. Mtoto asomaye hadithi arobaini za kumchekesha hukutana na maneno mengi kuliko asomaye kurasa arobaini za maswali. Hujifunza tahajia bila kuchapwa, na mtihani ukija huyasoma maswali yake kwa wepesi. Hata mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini Kenya mwaka 2019, umeweka katika somo la Kiswahili sehemu ya kusoma kwa mapana, ambapo mwanafunzi husoma matini ya kujichagulia. Anayemruhusu mtoto kuchagua hapingani basi na shule.

Hofu ya pili ni ya vitabu viovu. Hofu hii ina haki yake. Vipo vitabu visivyomfaa mtoto wa miaka tisa, na mzazi asiyejali jambo hilo amejivua ulezi. Ila mara nyingi kitabu huitwa kiovu kwa sababu mtoto wa humo ndani ni mtundu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwandishi wa Uganda, Barbara Kimenye, alianza kutoa hadithi za mvulana aitwaye Moses, mwanafunzi wa shule ya bweni yenye jina kubwa na mambo ya ovyo, ambaye kila kukicha huingia katika matata. Watoto wa Afrika Mashariki walivipenda vitabu hivyo hata vikachakaa mikononi mwao, wakakua, wakawa walimu na makarani na wazazi wenye adabu zao. Mtoto akisoma juu ya utundu hafundishwi kuwa mtundu. Huuona utundu na matokeo yake bila yeye mwenyewe kupata adhabu.

Hofu ya tatu ni ya upotevu. Mwalimu mkuu husema: "Vitabu ni vichache. Nikifungua kabati, mwisho wa muhula nitabaki na majalada." Kwa hiyo kabati hufungwa kwa kufuli, na vitabu hukaa salama mpaka mchwa waje. Woga huo ni wa kale. Huko Uingereza, karne ya 19, msomaji katika maktaba nyingi za umma hakuruhusiwa kuzifikia rafu. Aliomba kitabu, akaletewa na mtumishi. Mwaka 1894, katika maktaba ya Clerkenwell mjini London, James Duff Brown aliwaachia wasomaji waingie wenyewe kati ya rafu na kuchagua. Wenzake wengi walisema wizi utaimaliza maktaba. Haikumalizika, na leo maktaba za umma zilizo nyingi hufuata njia ile. Vitabu vichache hupotea, ni kweli. Lakini kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimelipa gharama yake, na kilichokaa kizima ndani ya kufuli miaka kumi hakijalipa hata senti.

KAZI YA MTU MZIMA

Je, uhuru wa mtoto una maana kwamba mwalimu na mzazi wakae kando? La. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto, uliopitishwa mwaka 1989 na kuridhiwa na Kenya mwaka 1990, unayashika mambo yote mawili kwa mikono miwili. Kifungu cha 13 kinampa mtoto haki ya kutafuta na kupokea habari na mawazo ya kila aina, pamoja na yale yaliyochapishwa. Kifungu cha 17 kinazitaka serikali zihimize utoaji na uenezaji wa vitabu vya watoto, na papo hapo ziweke miongozo ya kumkinga mtoto na mambo yatakayomdhuru. Ulezi na uhuru havigombani. Vinagawana kazi.

Mgawanyo huo ni rahisi kuuelewa. Mkubwa aijaze rafu, na mtoto achague katika rafu hiyo. Mwalimu aamuaye kwamba kitabu fulani ni cha wanafunzi wakubwa, akakiweka katika rafu ya juu, amefanya kazi yake. Lakini akiwa ameshaiweka rafu ya wadogo tayari, kisha akasimama mbele yake na kumgawia kila mtoto kitabu kama anayegawa uji, ameifanya kazi ya mtoto pia, na mtoto amebaki hana la kufanya.

Hata mataifa yenye maktaba nyingi yameusumbukia mpaka huu. Nchini Marekani halmashauri ya shule za Island Trees, katika jimbo la New York, iliondoa vitabu kadhaa katika maktaba za shule zake miaka ya 1970. Wanafunzi, akiwamo kijana Steven Pico, waliishtaki halmashauri, na mwaka 1982 shauri likafika mbele ya Mahakama Kuu ya nchi hiyo. Majaji hawakuwa na sauti moja, ila uamuzi uliwaelekea wanafunzi. Majaji walioongoza uamuzi huo walisema kwamba halmashauri haiwezi kuondoa kitabu katika maktaba ya shule kwa sababu tu haipendi mawazo yaliyomo, ingawa ina madaraka juu ya mambo mengine ya masomo. Tangu mwaka 2021 ugomvi huo umezuka upya nchini humo kwa nguvu nyingi. Wa Marekani hugombania vitabu vya kuondolewa rafuni. Katika shule nyingi za huku, rafu yenyewe ndiyo inayotafutwa.

MAMBO YANAYOWEZEKANA

Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure Januari 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka katika shule za Kenya kwa mwaka mmoja, na madarasa ya mijini yakafurika. Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja mashuleni. Hayo ni maendeleo. Lakini kitabu cha kiada huchaguliwa na wakubwa, na ndivyo ipasavyo. Kitabu cha ziada, kile cha kusomwa kwa furaha, kingali kinategemea juhudi za mwalimu na wazazi. Shule isiyo na chumba cha maktaba yaweza hata hivyo kuanza kwa mambo machache.

Kwanza, sanduku moja la vitabu hamsini, vya Kiswahili na vya Kiingereza, vyembamba na vinene, vya hadithi, vya wanyama, vya mashine na vya mpira, latosha darasa moja. Liwekwe wazi nusu saa kila wiki, vitabu vikitazamisha majalada yao juu, si migongo yao. Mtoto huchagua kwa macho kwanza.

Pili, mtoto afundishwe kupima kitabu mwenyewe. Afungue ukurasa wowote, asome, na kila akutanapo na neno asilolijua akunje kidole kimoja. Vidole vitano vikikunjika kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho ni kigumu kwake kwa sasa. Akirudishe bila aibu, achukue kingine. Kwa njia hii mwalimu hana haja ya kumwambia mtoto mbele ya wenzake kwamba kitabu kimemshinda.

Tatu, mtoto aruhusiwe kuacha kitabu kisichompendeza. Mwalimu wa Ufaransa, Daniel Pennac, alitoa mwaka 1992 orodha ya haki kumi za msomaji, na miongoni mwake imo haki ya kuruka kurasa na haki ya kutomaliza kitabu. Wazazi wengine watashtuka kuisikia haki hiyo. Lakini ni mtu mzima gani amalizaye kila gazeti alishikalo?

Nne, wanafunzi wenyewe wapewe daftari la kuazima walitunze. Mtoto aliyekabidhiwa ulinzi wa vitabu huvilinda kwa wivu kuliko kufuli.

Tano, mzazi asiulize, "Umesoma kurasa ngapi?" Aulize, "Ilikuwaje?" Baba au mama asiyejua kusoma aweza kuuliza swali hilo, akakaa jioni akisimuliwa hadithi na mwanawe, na wote wawili wakafaidi.

MLANGO ULIO WAZI

Watoto wa Makongeni na jirani zao wamekuwa na heri moja. Katika mtaa wa Kaloleni, ng'ambo kidogo tu, iko maktaba ya umma, na nyingine iko Makadara. Zote mbili ni ndugu wadogo wa ile McMillan ya mjini. Kwa miaka mingi zilichakaa. Kisha shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, likashirikiana na serikali ya mji kuzikarabati na kuzipa uhai mpya. Mtoto ambaye babu yake alizuiliwa mlangoni kwa ajili ya rangi yake sasa huingia kwa miguu yake, akasimama mbele ya rafu, akatazama.

Tena mipango ya kuondoa nyumba kuukuu za reli na kujenga maghorofa imeufikia mtaa wa Makongeni. Wahusika wakipima vyumba, ngazi na mabomba ya maji, na wakumbuke kupima pia chumba kimoja cha vitabu kila penye watoto wengi. Wazazi nao wana wajibu wa kukidai, kama wadaivyo maji.

Na chumba hicho kikiisha kujengwa, na rafu zake zikiisha kujazwa na watu wazima wenye busara, litabaki jambo moja lisilogharimu kitu. Mtoto atanyosha mkono, atavuta kitabu chenye picha ya mvulana anayeruka ukuta, na atageuka kumtazama mwalimu usoni, akingoja kusikia neno. Mwalimu na aandike jina la kitabu katika daftari, ampigie mhuri, amwambie: "Haya mwanangu, nenda nacho."